Nilimsainia Marehemu Mume Wangu Kura ya Shule

Siku ya tatu baada ya kumzika mume wangu, aliandikiwa barua.

Haikuwa kadi ya pole. Kadi za pole zilikuwa zinakuja kwa jina langu. Hii ilikuwa na jina lake kamili, Verlin Haakenson, na nembo ya ofisi ya uchaguzi ya kaunti.

Niliifungua palepale kwenye sanduku la barua, barabarani, theluji ikinifika kwenye vifundo vya miguu.

"Ndugu mpiga kura," iliandikwa. "Saini uliyoweka kwenye bahasha yako ya kura hailingani na saini tuliyonayo. Tafadhali jaza fomu hii, usaini upya na uirudishe. Usipofanya hivyo, kura yako haitahesabiwa."

Nikaisoma mara mbili.

Nikaitia mfuko wa koti, nikarudi ndani kupasha kahawa.

Sikulia. Sikucheka pia, ingawa wapo ambao wangecheka. Mtu yuko chini ya ardhi, anaambiwa asaini upya.

Mimi sikusikia chochote. Nataka mlijue hilo mapema, kwa sababu mambo niliyoyafanya baadaye hayaeleweki bila hilo. Siku zile nilikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi ya jino, ila ganzi imeshuka mwili mzima na haiishi.

Naitwa Twila. Nina miaka sitini na mbili, na kwa miaka ishirini na sita nimewapikia watoto wa shule ya mji wetu.

Mji wenyewe ni wa ngano, mashariki ya jimbo la Washington, Marekani, upande ule ambao watu wa kompyuta hawafiki. Tuna maghala ya nafaka, makanisa mawili, mgahawa mmoja, na shule moja. Chekechea mpaka wanaomaliza, wote jengo moja.

Jengo hilo ndilo chanzo cha balaa lote.

Lilijengwa enzi za babu yake Verlin. Paa lilikuwa linavuja mpaka tukawa na ndoo kumi na moja kwenye korido, na watoto walishazipa majina. Boila ya kupashia jengo joto ikiamka vibaya, madarasa ya chini yanachemka watoto wanasinzia, ya juu wanakaa na makoti. Jikoni kwangu, nikiwasha oveni siwezi kuwasha mashine ya kuoshea vyombo. Siku nikijisahau nikaviwasha vyote, nusu ya shule giza, na darasa la hesabu linashangilia.

Huku kwetu, kujenga shule ni shughuli. Wilaya ya shule inawaomba wapiga kura wakubali ikope, halafu sisi wenyewe tunalilipa deni kwa kodi ya nyumba na mashamba, miaka ishirini. Na wingi tu hautoshi. Lazima watu sita katika kila kumi waseme Ndiyo.

Tulikuwa tumeshapiga kura hiyo mara tatu.

Mara tatu ilipigwa chini.

Na aliyekuwa kinara wa kuipiga chini ni mume wangu.

"Mwenye nyumba ya vyumba viwili mjini atalipa hela ya piza," alikuwa anawaambia watu mgahawani. "Mimi mwenye shamba nitalipa hela ya trekta."

Yeye na mdogo wake, Delmer, walisimika mabango ya HAPANA kwenye uzio wetu wa barabarani. Kila asubuhi nilikuwa nayapita nikienda kupika kwenye jengo lenyewe.

Watu waliniuliza, "Twila, nyinyi mnalalaje kitanda kimoja?"

Tulikuwa tunalala vizuri tu.

Tulikuwa na makubaliano. Kura ya kwanza ilitugombanisha kweli, yeye akahamia kwenye kochi. Siku moja akaweka uma chini akasema, "Mama, shule tusiiongelee humu ndani."

Nikasema sawa.

Ikapita miaka tisa. Karatasi za kura zikija kwa posta, yeye anajaza upande ule wa meza, mimi upande huu. Mimi kila mara nilipiga Ndiyo. Nadhani alijua. Hakuniuliza, nami sikumwuliza.

Safari hii ya nne, alijaza yake Ijumaa, akaendesha mwenyewe mpaka maktaba, akaitumbukiza kwenye sanduku la kura.

Jumatatu asubuhi alitoka kwenda banda la mashine. Nikapika mayai. Nikaita. Nikaita tena.

Nilimkuta amekaa chini, ameegemea tairi la trekta, spana mapajani, uso wa kawaida kabisa, kama mtu anayesikiliza redio.

Moyo, walisema. Ulisimama tu.

Basi.

Baada ya mazishi watu walinilisha. Huku kwetu mtu akifiwa, majirani humletea viazi vya kuokwa na nyama na jibini, kwenye sahani za karatasi ya bati. Zilijaa friji, zikajaa friza, nyingine nikaziacha varandani kwenye baridi. Nilikula bila kusikia ladha.

Wiki ya pili nikarudi kazini.

Tulikuwa wawili jikoni, mimi na Yesenia, mwanamke wa makamo mwenye ulimi mkali na moyo laini.

"Mama Twila, rudi nyumbani," aliniambia.

"Nikafanye nini?"

Akanitupia aproni.

Siku ile tulikuwa tunapika maharage ya nyama na mikate ya mdalasini, chakula ambacho watoto wetu wanakipenda kupita vyote. Nikatoa trei kwenye oveni.

"Mama Twila! Mkono!"

Nilikuwa nimeishika trei kwa mkono mtupu. Nilijua kwa harufu, si kwa maumivu. Nikaiweka mezani polepole, nikautazama mkono kama mkono wa mtu mwingine.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa.

Uchaguzi ukafika, Jumanne ya pili ya Februari. Kura zetu zinahesabiwa kwa siku kadhaa, maana nyingine zinachelewa posta. Siku ya kwanza Hapana iliongoza. Siku ya pili Ndiyo ikasogea. Kufika Ijumaa, mji mzima ulikuwa unapumua kwa kutazama tovuti ya kaunti.

Ndiyo ilikuwa imekosa kura moja.

Moja.

Jumamosi mchana Delmer akaja na sahani nyingine ya viazi kutoka kwa mkewe. Delmer ni mtu wa mwili, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Tangu msiba, sauti hiyo ilikuwa imepungua. Akavua kofia, akakaa kwenye kiti cha kaka yake, akashtuka, akahamia kingine.

Mezani kulikuwa na rundo la kadi. Akaiona ile barua.

"Shemeji, hii nini?"

"Barua ya Verlin."

Akaisoma. Midomo ilikuwa inacheza.

"Kwa hiyo kura yake haijahesabiwa?"

"Haijahesabiwa."

"Unayo tangu lini?"

"Tangu tumzike."

"Twila! Na umekaa kimya?"

Sikuwa nimekaa kimya. Nilikuwa nimekaa tu.

Delmer akasogeza kiti. "Sikiliza. Wamekosa moja. Lakini kuna bahasha zimebaki kule, za watu ambao saini zao zina matatizo kama hii. Akitokea mmoja akarekebisha yake, na akawa wa Ndiyo, tumekwisha. Ila ya Verlin ikiingia, hata huyo mmoja hatawatosha. Unanielewa?"

"Verlin amekufa, Delmer."

"Alipiga kura akiwa mzima! Kura ni yake. Kosa ni la saini tu, kwa sababu ya ule mkono."

Mkono wa kulia wa Verlin ulikuwa unatetemeka tangu mavuno. Mwenyewe alisema ni usukani wa mashine ya kuvunia. Habari za daktari hakutaka hata kuzisikia.

"Mji mzima unajua alitaka nini," Delmer akasema. Hapo sauti ikamkatika. "Ni neno lake la mwisho, shemeji. Utamnyima neno lake la mwisho?"

"Siwezi kusaini jina la mtu mwingine."

"Miaka thelathini na nane hundi za mbegu alikuwa anasaini nani?"

Ni kweli. Verlin alichukia makaratasi. Saini yake niliijua kuliko yangu.

Wengine mtaniuliza, mtu wa Ndiyo anasainije karatasi ya kuiua Ndiyo yake mwenyewe? Ningependa kusema ni mapenzi. Ningependa kusema nilimheshimu marehemu.

Ukweli ni kwamba Delmer alininyooshea kalamu, nami nikaipokea.

Nikaandika Verlin Haakenson, na ile H yake iliyolala kama benchi. Tarehe nikaweka ya nyuma, alivyoniambia. Ilichukua muda mfupi kuliko kukata kitunguu.

"Asante," Delmer akasema. Akaikunja kama hela, akaitia mfuko wa shati. "Jumanne naipeleka mwenyewe."

Jumatano tulikuwa tunagawa chakula cha mchana. Yesenia alikuwa na simu kwenye mfuko wa aproni, kinyume cha sheria.

Ghafla akapiga kelele.

"Imepita! Mama Twila, imepita!"

"Nini?"

"Shule! Wameongeza kura moja. Moja tu, leo, na ni ya Ndiyo! Imefika sita kwenye kumi, imegusa palepale!"

Kwenye korido mwalimu wa hesabu alikuwa amemkumbatia mfagizi. Mkuu wa shule, mwanamke mkavu ambaye sijawahi kumwona akitabasamu, alikuwa ameegemea makabati akilia.

Mimi nilibaki na kijiko hewani.

Kura moja imeongezeka.

Delmer alipeleka fomu moja.

Ni ya Ndiyo.

Nikakaa kwenye kreti ya viazi. Kabla sijajua kinachotokea nilikuwa nalia kwa sauti, mbele ya foleni ya darasa la nne.

Yesenia alidhani nalilia shule. Akanikumbatia, naye akalia.

Nilikuwa namlilia Verlin. Kwa mara ya kwanza.

Sasa nikakumbuka jambo. Desemba gari langu liligoma, Verlin akaja kunichukua kazini. Akanisubiri jikoni, anakula mkate wa mdalasini. Akaingia mtoto wa darasa la pili, akasimama mbele ya mlango wa oveni kuota moto mikono, kama walivyozoea.

"Huna glavu, wewe?" Verlin akamwuliza.

"Ninazo. Ila nikivaa siwezi kushika penseli."

Verlin hakusema neno. Njia nzima kurudi nyumbani hakusema neno.

Wakati ule niliona ni ukimya wake wa kawaida. Jumatano ile niliuchukua huo ukimya nikaujengea nyumba nzima. Kumbe aliona. Kumbe ilimgusa. Kumbe akakaa upande wake wa meza, mkono unatetemeka, akanipa Ndiyo bila kuniambia.

Usiku ule nilipasha viazi nikavisikia chumvi. Mkono niliouunguza ukaanza kuuma, wiki nzima baadaye, na nikafurahi unavyouma.

Nikaiangalia picha yake. "Mzee," nikamwambia. "Kumbe wewe!"

Raha hiyo niliila siku moja tu.

Alhamisi jioni Delmer akaja. Hakuingia. Alisimama varandani, kofia kichwani.

"Amenisaliti," akasema.

"Nani?"

"Kaka yangu. Miaka tisa tunasimika mabango pamoja. Halafu anakwenda kimyakimya ananichoma kisu cha mgongo."

"Labda alibadilisha mawazo."

"Au labda mkono ulimtetemeka akajaza duara silo."

Tukatazamana.

Hilo sikuwa nimelifikiria. Naapa sikuwa nimelifikiria.

"Vyovyote vile," Delmer akaendelea, "kura ile si halali. Saini ni yako."

"Kalamu ulinipa wewe."

"Kalamu nilikupa mimi. Aliyeandika nani?" Alikuwa hanitazami. "Matokeo yanathibitishwa kesho saa nne asubuhi. Uende ukawaambie uliyoyafanya, waitoe ile kura. Usipokwenda, nakwenda mimi."

"Delmer, watoto wanasoma na makoti."

"Na mimi nitalipa kwa shamba gani?" Akapiga mkono kwenye nguzo. "Ngano imeshuka, Twila. Lini mliwahi kuniuliza nalala vipi?"

Akaondoka.

Nilikaa mezani nikiwaza, na kwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi mawazo yalikuwa na makali. Nikienda, shule inakufa kwa mdomo wangu, na ile Ndiyo ya Verlin inatupwa. Nisipoenda, Delmer ataenda, na vitakufa vilevile.

Nikaamua. Kama Ndiyo ya mume wangu ni ya kufa, afadhali niizike mimi.

Asubuhi niliendesha maili arobaini mpaka makao ya kaunti. Barabara ilikuwa barafu tupu. Nilifika saa mbili na nusu.

Msimamizi wa uchaguzi anaitwa Noreen. Mwanamke wa rika langu, miwani inaning'inia kwa mnyororo, fulana ya sufu ya mapambo ya Krismasi ingawa ni Februari.

"Nimekuja kuhusu kura ya mume wangu," nikasema. "Fomu ya saini niliandika mimi. Alikuwa ameshafariki. Tarehe ni ya uongo. Naomba muitoe."

Nilisema kwa mkupuo mmoja. Delmer sikumtaja.

Noreen hakunikatiza. Akavaa miwani, akaenda kabatini, akarudi na faili.

"Bibi Haakenson," akasema, "kura ya mume wako hatujaihesabu."

Nikamtazama.

Akafungua faili. Fomu yangu ilikuwa humo, na juu yake wameibana tangazo la kifo kutoka gazetini, Verlin na kofia yake ya siku zote.

"Ile barua ilitoka kabla hatujapata taarifa za msiba. Fomu ilipokuja Jumanne, mimi mwenyewe niliipokea. Nilishasoma gazetini. Tukaikataa siku ileile. Nilikuwa nasubiri tumalize leo ndipo nikupigie simu."

"Lakini ile kura moja iliyoongezeka..."

"Ya mtu mwingine. Alikuja hapa kwa miguu yake akasaini mbele yangu."

"Kwa hiyo shule..."

"Shule imepita. Hilo halibadiliki."

Hapo ndipo nilipotakiwa kushangilia. Nimeokoka, shule imeokoka, Delmer ameishiwa silaha.

Nikauliza, "Yake iko wapi?"

"Imo kwenye bahasha yake. Haijafunguliwa. Tunaitunza siku sitini, kisha inaharibiwa."

"Bila kufunguliwa?"

"Bila kufunguliwa."

"Huwezi kuchungulia tu? Neno moja. Ndiyo au Hapana."

"Siwezi, mama."

"Mimi ni mke wake."

"Najua." Akavua miwani. "Nakuonyesha bahasha kwa nje. Zaidi ya hapo siwezi."

Akaileta. Hakuniachia kuishika.

Nikaiona ile saini. Herufi zilikuwa zinateremka, moja baada ya nyingine, kama mzee anayeshuka ngazi huku ameshika ukuta. Haikuwa saini ya Verlin ninayemjua. Kompyuta yao ya kulinganisha saini ilikuwa na haki ya kuikataa.

Nililala pembeni ya ule mkono kila siku, na sikujua ulikuwa umefika hapo.

"Ulilofanya ni kosa," Noreen akasema taratibu. "Lazima nilipeleke kwa mwendesha mashtaka."

"Sawa."

"Umekuja mwenyewe, nitaliandika hilo."

"Sawa."

Nikatoka, nikakaa garini bila kuwasha. Ganzi ikarudi. Haikuja kwa kishindo. Iliingia tu ikakaa mahali pake, kama mpangaji aliyetoka kidogo kununua mkate.

Nikampigia Delmer.

"Nimekwenda. Haikuhesabiwa. Ile moja ni ya mtu mwingine."

Nilisikia injini ya trekta inazimwa.

"Kwa hiyo Verlin hakunisaliti?"

"Sijui, Delmer."

"Hakunisaliti." Nilisikia anavuta makamasi. "Mungu wangu. Hakunisaliti."

"Nimesema sijui."

Lakini alikuwa hasikii tena. Alikuwa anamlilia kaka yake, kwa furaha. Kura ya shule imemshinda, kodi itapanda, na bado alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote kaunti nzima. Amerudishiwa Verlin wake.

Mimi wangu nilikuwa nimemwacha kwenye faili.

Mashtaka yalikuwepo. Sikubishana. Hakimu alinipa masaa mia ya kazi za jamii na onyo refu. Gazeti likaandika. Kazini walinisimamisha mpaka mwaka wa shule ulipoisha, na Yesenia akaenda mbele ya bodi kunitetea, akawaambia kama wanamfukuza Mama Twila basi watafute na mtu mwingine wa kupambana na ile oveni. Walinirudisha Septemba.

Mgahawani nikiingia, meza zilikuwa zinanyamaza. Watu wa Ndiyo waliniona nilitaka kuiua kura yao. Watu wa Hapana waliniona nimewaaibisha. Haikuniuma. Hakuna kilichoniuma.

Aprili, Bi Orpha akabisha mlangoni kwangu.

Bi Orpha ana miaka tisini na moja. Hakuwahi kuolewa, hana mtoto, alipima mizigo ya ngano kwenye maghala miaka arobaini. Aliingia na mkongojo wake wa magurudumu, mkono wa kulia bado una bandeji ngumu.

"Ile kura ilikuwa yangu," akasema hata kabla hajakaa. "Nimesikia wanakusema. Nikaona nije. Nilivunjika mkono, nikasaini kwa wa kushoto, kompyuta ikanikataa. Jirani akanipeleka kaunti nikasaini tena."

"Asante, Bi Orpha."

"Usinishukuru. Mara tatu za mwanzo mimi nilipiga Hapana. Mumeo alikuwa ananishawishi. Alijua kuongea yule! Alikuwa anakuja kila uchaguzi, anakaa jikoni kwangu, anamaliza kahawa yangu, ananieleza habari za kodi mpaka naelewa."

"Na safari hii alikushawishi vipi?"

"Safari hii hakuja."

Nikaweka kikombe chini.

"Nilimsubiri," Bi Orpha akasema. "Hakuja. Akapiga simu tu, ile wiki karatasi zimefika, kuniuliza kama nina kuni za kutosha. Mimi ndiye nikamwuliza. Nikamwambia, 'Verlin, safari hii nipige nini?'"

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Bi Orpha, safari hii piga unavyoona mwenyewe.'"

Saa ya ukutani ilikuwa inagonga.

"Nikaona, kama Verlin Haakenson hana la kusema, basi nitapiga ninavyoona. Nikapiga Ndiyo."

Alikunywa kahawa yake, akala biskuti mbili, akaenda zake.

Nimelipindua hilo neno mara elfu. Kuna siku nasema, alikuwa ameshabadilika, hakuweza tu kulitamka. Kuna siku nasema, alikuwa mgonjwa, amechoka, hakuwa na nguvu ya kubishana na bibi wa miaka tisini. Siku nyingine naona amejaza Hapana kama kawaida yake, akaona aibu kumlazimisha mwingine. Zote zinamfanana. Hilo ndilo linalonichosha. Zote zinamfanana.

Bahasha walishaiharibu mwezi huohuo.

Tulihamia jengo jipya mwaka jana. Paa halivuji. Jikoni kwangu kila kitu kinawaka kwa pamoja, na darasa la hesabu halina tena cha kushangilia. Siku ya kufungua, Delmer alikuja, akazunguka kila chumba mikono mfukoni, akasema vyoo ni vizuri ila vingi mno. Kisha akaniuliza kama nimeshakula. Tukala pamoja. Verlin hatukumtaja.

Watu huniambia, Twila, fundisho ni usighushi saini. Kweli, usighushi. Nimefagia masaa mia kwa ajili ya hilo.

Lakini silo lililonifanya niandike.

Niliishi na mtu miaka thelathini na nane. Najua alivyokuwa anakunja soksi, najua upande gani wa mdomo alikuwa anatafunia. Swali moja dogo, la neno moja, sina jibu lake, na sitalipata mpaka kufa. Si kwa sababu alinificha. Nilikuwa naogopa kuharibu chakula cha jioni.

Kama wewe unaye wako, na kuna jambo mmekubaliana msiliguse, liguse. Muulize leo, angali na uwezo wa kukujibu vibaya.